Ubao Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa sebule yetu, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, kuna ubao uliopigiliwa ukutani kwa misumari minne mirefu. Mlango ukiwa wazi huwezi kuuona. Ukiufunga, unakutana na picha ambayo haijaisha, chupa sita za rangi zilizopangwa juu ya kipande cha bati, na kitambaa kilichokakamaa kwa kupangusiwa vidole. Vinakaa hapo usiku na mchana. Watoto wanajua, majirani wanajua, hata fundi aliyekuja kurekebisha waya za umeme aliambiwa kabla hajashusha mfuko wake: pale hapaguswi.

Ni ubao wa kreti tu, hauna thamani yoyote sokoni. Lakini kabla haujapigiliwa nilikaa miaka minane bila kumaliza picha hata moja, na katika miaka hiyo yote nilikuwa na jibu moja kwa kila aliyeniuliza kama bado nachora: wakati uko wapi?

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Sebuleni kwa baba kulikuwa na picha mbili, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi zama zile. Ya kwanza ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu na saa mkononi. Ya pili ilikuwa ya zamani za Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari ameinua fimbo, Mzungu amesimama pembeni na kofia yake. Nilipokuwa mdogo niliipenda ya kwanza na kuiogopa ya pili. Baba aliiita ile ya pili ukumbusho. Mgeni akiketi, lazima aulize, na akiuliza baba anaanza kusimulia. Picha ile ilikuwa imechorwa juu ya gunia la unga. Ukiigeuza nyuma, herufi za kiwanda zilikuwa bado zinasomeka. Wachoraji wengi wa mji huu walifanya hivyo miaka ya 1970, akiwemo Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye alichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, juu ya magunia.

Kuchora nilifundishwa na jirani aliyeandika vibao vya saluni na baa. Alinipa brashi kuukuu, akaniambia kwanza niangalie mwanga unatoka upande gani. Nilipoolewa nilikwenda na boksi la rangi kama wengine wanavyokwenda na sufuria. Mwaka wa kwanza nilichora picha nne. Kifungua mimba alipozaliwa, moja. Wa pili alipozaliwa, boksi likaingia uvunguni mwa kitanda.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa kumi na nusu alfajiri kukaanga vitumbua, maana mshahara wa mwalimu haufiki mwisho wa mwezi. Binti yangu anaviuza njia panda kwa nusu saa kabla ya shule. Saa moja na nusu nimesimama mbele ya darasa. Mwaka 2019, shule za msingi za serikali zilipokuwa bila malipo kuanzia Septemba, darasa langu lilitoka watoto 55 likafika 91. Nilifurahi kuona watoto niliozoea kuwakuta wakiuza maji barabarani wameketi kwenye dawati, na mpaka leo nafurahi. Lakini daftari 91 lazima zisahihishwe, na mkono ni huu mmoja. Mchana kuna soko, kuna maji ya kuchota yakikatika bombani, kuna makala, yaani makaa ya kupikia, ya kununua. Mume wangu anaendesha lori, na foleni ya Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, inaweza kumshika siku nyingi. Akiwa huko, nyumba yote iko juu yangu.

Kwa hiyo nilijiwekea ahadi ya likizo kubwa. Mwaka mzima nilijiambia: Julai itafika, shule zitafungwa, nitachora. Likizo moja naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimenunua mita tatu za amerikani mapema, nikazifua, nikazipiga pasi, nikazikunja kama nguo ya harusi. Nilipata majuma sita mazima. Sikuweka hata mstari mmoja. Juma la kwanza nililala. La pili tulikuwa Likasi kwenye matanga ya mjomba. La tatu na la nne nilikuwa shambani, na yaliyobaki yakaenda kwa wageni waliokuja kwa kuwa wanajua mwalimu yuko likizo. Lakini kulikuwa na siku tatu, nasema kweli, nilibaki peke yangu kabisa. Siku hizo nilikaa mbele ya kitambaa cheupe na nikaogopa. Mkono ambao haujagusa brashi kwa mwaka mzima nilikuwa naudai picha kubwa kwa mara moja, picha ya kulipia miezi yote niliyongoja. Nani angeweza?

Siku ya tatu nikafungua boksi angalau nichanganye rangi. Nyeupe ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Niliichokonoa kwa kisu, kisu kikagonga kama kimekuta jiwe. Buluu hivyo hivyo. Nililia. Binti yangu alinikuta nimeketi sakafuni na kopo mapajani, akaniuliza nani amekufa.

Kilichonifungua macho ni jambo dogo sana. Jioni moja, baada ya kununua rangi nyingine, nilipata saa nzima kabla ya kula, na nikaiangalia kwenye simu. Nilitoa boksi uvunguni, nikaondoa daftari za watoto mezani, nikatandika nailoni ili meza isichafuke, nikaleta maji, nikatafuta kitambaa, nikafungua makopo. Dakika 22. Halafu nikakumbuka kwamba meza hiyo ndiyo tunayolia bukari, ugali wetu, kwa hiyo lazima niiachie mapema: kuosha brashi kwa mafuta ya taa, kunawa mikono kwa sabuni, kukunja nailoni, kurudisha boksi, kufungua madirisha harufu itoke. Dakika 20. Zilibaki 18, na nusu ya hizo nilizitumia kukumbuka nilikuwa nimeishia wapi.

Nilikaa na hesabu ile usiku kucha. Miaka yote nilikuwa nikijilaumu kuwa sina wakati, kumbe ule mdogo niliokuwa nao ulikuwa unaliwa na meza.

Kesho yake nilimwendea seremala wa mtaani nikamwomba mbao za kreti. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Kuta zote zilikuwa na kitu: kabati, kalenda, viti, magodoro ya watoto yanayosimamishwa mchana. Ukuta pekee uliokuwa huru ni ule ambao mlango huufunika ukifunguliwa. Ndipo ubao ukapigiliwa pale. Siku ya kwanza nilipata robo saa tu, wakati watoto wanaoga. Nilifunga mlango, nikachora robo saa, nikafungua mlango. Hakuna nilichokunja, hakuna nilichobeba. Nilirudi jikoni na rangi ya kijani chini ya kucha, na moyo wangu ulikuwa unadunda kama nimekimbia.

Lakini robo saa ina masharti yake, na hapa ndipo ilinibidi kujifunza upya hata namna ya kuchora. Yule jirani wa vibao alinifundisha rangi ya mafuta: unaweka rangi mbili mbichi bega kwa bega, unazisugua mpaka zinayeyukiana, na kazi hiyo haikatishwi katikati. Ukiiacha, ukirudi kesho rangi imeanza kushika na mpaka unaonekana. Kwa mtu mwenye mchana mzima, ni sawa. Kwangu kila picha ilitoka na makovu.

Mwalimu mwenzangu mmoja, aliyesoma sanaa kabla ya kuingia ualimu, ndiye aliyenikumbusha wazee wa Le Hangar. Ni karakana ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliifungua hapa mjini mwaka 1946, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Hakutaka wachoraji wake waige picha za Ulaya. Kila mmoja aliachwa atafute njia yake. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vifupi vilivyopangwa kama mshono. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, na nyuma yao akajaza majani na nukta mpaka kitambaa kikajaa. Bela Sara hakutumia brashi; alichora kwa ncha za vidole.

Nilikuwa nikiwajua kwa majina kama fahari ya mji. Safari hii niliangalia picha zao kwenye simu ya mwenzangu kwa jicho la mtu mwenye shida. Nikaona kwamba kistari kifupi kinaanza na kuisha kwa pumzi moja. Ukiweka vistari ishirini na mtoto akaita, unakwenda. Ukirudi kesho, cha ishirini na moja kinakaa kando ya cha ishirini bila kovu lolote. Nukta hivyo hivyo. Na vidole! Kuosha brashi kuliniibia dakika kumi na maji ambayo siku nyingine hatuna. Kidole unakipangusa kwa kitambaa, basi. Sisemi wao walichora hivyo kwa kukosa nafasi, walikuwa na sababu zao. Mimi nilichukua kwao kile ambacho siku yangu inaweza kubeba.

Nikaacha rangi ya mafuta. Sasa natumia rangi ya maji ya kupakia kuta, nyeupe, ninayoichanganya na rangi za unga na kuihifadhi kwenye chupa zenye kifuniko kinachobana. Wakati wa kipwa, Juni na Julai, hewa ikiwa kavu na asubuhi baridi inauma, inakauka kabla sijamaliza kunawa. Msimu wa mvua inachelewa, na mwaka mmoja ukungu uliingia nyuma ya kitambaa mpaka nikajifunza kukiacha kiwe mbali na ukuta kwa vipande viwili vya mti.

Dakika zenyewe nilizipata jikoni. Maharagwe juu ya mbabula yanakula saa mbili, na katika saa hizo mbili yanakuhitaji mara chache tu: kuongeza maji, kuongeza makala, kuonja. Zamani saa hizo nilizijaza kwa kazi nyingine ndogo ambazo hazina mwisho. Sasa nikishaweka sufuria, nakwenda kwenye ubao. Harufu ya maharagwe ndiyo saa yangu. Inapobadilika najua maji yamepungua. Mwaka ule tulikula maharagwe mara tatu kwa juma, na sombe, majani ya muhogo ya kuchemka polepole, mara mbili, na nyumba nzima iliyapokea. Delestaji, ule mgao wa umeme, nayo nikaifanyia mpango: umeme ukikatika jioni kabla giza halijaingia, watoto hutoka nje kucheza, na dirisha letu linaelekea magharibi. Mwanga wa saa kumi na moja unaingia na kugonga ubao moja kwa moja.

Kuna ushauri mmoja ninaosikia kila mahali, na naomba niseme wazi kwamba kwangu uliniumiza: amka mapema zaidi. Nilijaribu kwa mwezi mzima, saa tisa usiku, taa ya simu ikiwa imeegeshwa kwenye kikombe. Rangi nilizochagua usiku zilikuwa nyingine kabisa mchana. Na juma la tatu nilimfokea mtoto darasani kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliniangalia tu, hakusema kitu. Jioni nilikwenda kwao kumwomba mama yake radhi, nikarudi nikaamua kwamba usingizi si mali ya kuchota. Anayeambiwa aamke saa tisa aulize kwanza huyo anayemwambia amelala saa ngapi, na nani anamwamshia watoto.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi mwaka ule ule, macho yake yakiwa yameanza kumsumbua. Alizaliwa Kilwa, hii Kilwa ya kwetu kando ya Ziwa Mweru. Siku za kwanza aliniangalia nikifunga mlango, akanyamaza. Juma la pili akasema.

"Mama, hii kazi inaleta nini nyumbani?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba bado haijaleta kitu.

"Basi unaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu lililokuwa tayari. Nikamwambia habari za baba, na ukumbusho, na ile picha ya gunia. Alikuwa anachambua majani ya muhogo. Akaendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akaanza kunieleza, bila kuinua kichwa, habari za samaki anayeitwa mpumbu. Mama yake alimsimulia kwamba mvua zilipoanza, mpumbu walitoka ziwani na kupanda mto Luapula kwenda kutaga, wengi kiasi kwamba maji yalibadilika rangi. Watu waliwavua hapo hapo, wakiwa na mayai tumboni, mwaka baada ya mwaka, na katika miaka ya 1940 walikwisha karibu wote. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa baadaye, aliona wachache tu sokoni, na kila mara mama yake alisimama mbele yao kwanza kabla ya kuuliza bei.

Tangu siku hiyo mlango haufungwi tena nikichora; mama anakaa na ungo wake pembeni, mlango umeegeshwa nusu. Kwanza niliogopa kwamba nitapoteza utulivu wangu. Ninapoteza kidogo, ndiyo. Lakini nusu ya kazi yangu ya sasa imetoka kwenye mdomo wake: jinsi samaki wanavyokaushwa juu ya moto wa chini kwa chini, jinsi mwanamke anavyofunga kitambaa anapoingia majini, mtumbwi unavyosikika usiku kabla hujauona. Nikiwa sokoni au nikisahihisha daftari, ninavirudia kichwani. Nina daftari la mistari la mwanafunzi, la bei ya chini kabisa, naandika humo maneno mawili matatu: "kitambaa, fundo kushoto", "moshi haupandi, unatambaa". Nikifika kwenye ubao, sianzi na kutafuta.

Vipo vipindi vilivyokatika. Kitinda mimba wangu alilazwa na malaria kali, na baada ya hapo yakaja madeni ya hospitali, na kwa miezi mitatu sikugusa rangi. Kila siku nilipita mbele ya ubao na kila siku nilikuwa nimechoka. Kilichonirudisha ni kwamba picha ilikuwa pale, wazi, na palikuwa na samaki mmoja aliyebakiwa na magamba tu. Sikuhitaji kuamua chochote. Magamba ni nukta. Hata mtu aliyechoka anaweza kuweka nukta. Jioni moja nikaweka kumi hivi huku nimesimama, mkoba wa shule ukiwa bado begani. Kesho yake kumi nyingine. Tangu hapo nimefanya iwe desturi: siachi picha mahali pagumu. Nikiona nimebakiza kitu chepesi ninachokijua, hapo ndipo nasimama, hata kama maharagwe hayajaiva. Mahali pagumu napaanza nikiwa na dakika nyingi mbele yangu, siku za Jumapili baada ya kanisa.

Katika miaka mitatu ya ubao nimemaliza picha kumi na tisa. Mbili zimenunuliwa. Moja iko sebuleni kwa mwalimu mwenzangu, na ananiambia wageni wanauliza. Mume wangu, ambaye mwanzoni alikuwa akining'iniza koti lake juu ya ubao kila aliporudi kutoka safari, safari iliyopita aliniletea kutoka Zambia kopo la buluu nzito ambalo sijawahi kulipata hapa. Aliliweka juu ya bati bila kusema kitu, akaenda kuoga.

Sasa hivi iko picha ya mpumbu wakipanda Luapula. Ni kubwa kuliko zote, inavuka ukingo wa ubao kwa kiganja kizima. Maji nimeyajenga kwa vistari vya ile buluu ya Zambia, samaki kwa nukta za kidole cha mwisho. Juzi nilimwita mama asogee karibu kabisa, kwa sababu ya macho yake, nikamshika mkono nikamwonyesha samaki mmoja mmoja. Alikaa kimya muda mrefu.

"Midomo si hivi," akasema. "Mpumbu mdomo wake unaangalia chini. Anakula chini, kwenye mawe."

Samaki walikuwa kumi na wawili. Nimesharekebisha saba. Maharagwe ya kesho nimeyaloweka.